Baharia wa Mlima Meru

Kwetu ni juu ya Tengeru, pale ambapo lami imeshakwisha na migomba imeanza kukutana juu ya kichwa chako. Baba analima kahawa na ndizi kwenye shamba aliloachiwa na baba yake. Nikiwa mtoto, maji makubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona yalikuwa ya maziwa ya Momela, siku shule ilipotupeleka kutazama ndege wa heroe. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama nimeiona bahari. Mama hakunibishia, maana na yeye alikuwa hajaiona.

Leo nikimwambia mtu hapa Arusha kwamba mimi ni baharia, kwanza anacheka. Ninamwelewa. Vijana wa mjini wamelichukua neno hilo wakalipa maana yao: baharia ni mjanja, mtu wa mipango mingi, asiyekamatika kirahisi, hasa na wanawake. Pale Olasiti, nilikopanga chumba cha kufikia ninapokuwa likizo, kila dereva wa bodaboda ni baharia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga meli. Sasa mwanamke akisema hivyo, tena Mmeru, tena aliyekulia mlimani, watu wanasubiri amalizie utani.

Mimi hufunga meli. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi yangu ninayoipenda kuliko zote. Meli ikifika bandarini haiegeshwi kama gari. Inasogea taratibu hadi karibu na gati, halafu mabaharia wachache wanasimama mbele kabisa, sehemu inayoitwa omo, na wengine wanasimama nyuma. Tunarusha kamba nyembamba kwa watu walio nchi kavu, wao wanaivuta, na mwisho wake umefungwa kwenye kamba nene ambayo mkono mmoja hauwezi kuizunguka. Wanakitia kitanzi chake kwenye nguzo ya chuma ya gatini, na sisi huku juu tunaikaza kwa winchi mpaka meli inatulia. Ukiifanya vizuri, abiria hajui kwamba kuna lolote limefanyika. Ukikosea, unaweza kupoteza mguu.

Nilijifunza haya kwa serahangi wa meli yangu ya kwanza. Serahangi ndiye mkuu wa mabaharia wa sitahani, na huyu alikuwa mtu wa Tanga, mfupi, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba ilikulazimu unyamaze ili umsikie. Nilikuwa nimetoka chuoni Dar es Salaam na vyeti vyangu kwenye bahasha ya plastiki. Hakuviuliza. Alinipa kazi ya kukunja kamba. Kwa wiki za mwanzo sikufanya jingine: kukunja kamba, kuzigeuza, kuzipapasa kutoka mwisho hadi mwisho nikitafuta mahali zilipolika. Alinitaka nijue kwa vidole tofauti ya kamba iliyochoka na iliyochafuka tu. Nilidhani ananidharau kwa kuwa ni mwanamke. Baadaye nikagundua kwamba wavulana nao waliopita mikononi mwake walianzia hapo hapo.

Kurusha ndiko kulikonitesa. Kamba ya kurushia ina fundo zito mwishoni, la ukubwa wa ngumi, na unatakiwa uigawe mikononi, nusu huku na nusu kule, uizungushe mara moja na kuiachia. Mtupo wangu wa kwanza mbele ya watu ulianguka majini hatua chache kutoka kwenye meli, na wapokeaji wa gatini waliangua kicheko. Serahangi aliivuta ile kamba akanirudishia ikiwa imelowa. Nikarusha tena, ikafika. Likizo yangu ya kwanza nilikuja nayo nyumbani moja, nikawa ninairusha juu ya migomba asubuhi, na mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba ninawafukuza kunguru.

Hata hivyo, kitu kikubwa alichonifundisha yule mzee wa Tanga hakikuwa kurusha. Ilikuwa ni namna ya kushika. Siku moja kwenye bandari ya Mtwara upepo ulikuwa unaisukuma meli kutoka gatini, na mimi, kwa ujinga wa mtu mwenye nguvu, niliikumbatia kamba iliyokuwa inatoka nikijaribu kuizuia. Alinisogeza pembeni kwa bega lake. Akachukua mwisho wa ile kamba, akaupitisha kwenye zile nguzo mbili fupi za chuma zilizo kwenye sitaha, akauzungusha kwa umbo la namba nane, nane nyingine, na nyingine. Halafu akaushika kwa mikono miwili, bila kukunja uso, na meli nzima ikasimama.

"Usiishike meli wewe," aliniambia. "Mwachie chuma aishike. Kazi yako ni kuamua iende kiasi gani."

Siku hiyo hiyo alinifundisha mahali pa kusimama. Kamba inayovutwa sana inajaa nguvu, na ikikatika inarudi ilikotoka kwa kasi ambayo jicho halioni. Kwa hiyo husimami kwenye mstari wake, husimami ndani ya mikunjo yake, wala hukai kwenye kona ambayo kamba imeikunjia. Alikuwa akitembea kwenye sitaha akinyoosha kidole: hapa unakufa, hapa unakufa, hapa unaishi. Nilikwenda nikasimama pale alipoonyesha mwisho. Miezi kadhaa baadaye kamba ya mbele ilikatika kweli mbele ya macho yangu, ikapiga uzio wa chuma ikaupinda. Hapakuwa na mtu. Tulikuwa sote tumesimama pale tulipofundishwa kusimama. Usiku ule, tukila chakula, nilijihisi kwa mara ya kwanza kuwa mmoja wao.

Nyumbani hawakuyajua haya. Mama alijua kwamba nipo melini na aliniombea kila Jumapili bila kuuliza zaidi. Baba alikuwa na jibu lake. Akiulizwa na watu wa kanisani au wa kwenye chama cha kahawa kwamba binti yake mkubwa yuko wapi siku hizi, alisema, "Yuko bandarini." Wakiuliza anafanya nini huko, alisema, "Mambo ya ofisi." Nilimsikia kwa masikio yangu mara mbili, na mara zote mbili nilinyamaza. Baba yangu si mwongo. Nadhani alilikwepa lile neno kwa sababu ya vijana wa mjini, na pia kwa sababu hakuwa na picha yoyote kichwani ya kazi ninayoifanya. Mtu hawezi kujivunia asichokiona.

Mwaka huu nilirudi likizo mvua za masika zilipokuwa zinaishia. Nilikuta kijiji kizima kina jambo moja la kuzungumza. Chama cha wakulima wa kahawa wa kwetu, ambacho baba ni mwanachama wake tangu kianze, kilikuwa kimepata mashine mpya ya kumenya kahawa mbivu. Kwa miaka mingi kila mtu amekuwa akimenya kwake kwa mashine ndogo ya mkono, na kahawa ya huyu inatoka hivi na ya yule vile, na mnunuzi anazitazama zote kwa jicho moja baya. Mashine moja ya pamoja ingemaliza tatizo hilo. Jengo lilikuwa limeshajengwa kule chini karibu na mto, kwa kuwa kazi hiyo inahitaji maji, na sakafu ya zege ilikuwa imeshakauka ikisubiri.

Tatizo lilikuwa njia. Lori lililoileta kutoka mjini lilifika barabara ya juu likakataa kwenda mbele. Kutoka hapo hadi mtoni ni mteremko wa kutisha kati ya mashamba, na udongo wetu mweusi ukinyeshewa unakuwa kama sabuni. Mashine ilishushwa pembeni mwa barabara, ikafunikwa turubai, ikakaa. Ni chuma kitupu. Vijana sita walijaribu kuisogeza tu ili mbuzi wapite, wakashindwa.

Mwenyekiti wa chama, mzee mmoja mchangamfu aliyekuwa fundi seremala zamani na ambaye watu wanampenda, alikuwa na mpango. Jumamosi wanaume wote waje na kamba zao za ng'ombe. Mashine iwekwe juu ya magogo, ifungwe kamba nyuma, na wanaume washike kwa wingi wao wakiiachia kidogo kidogo mpaka chini. Baba alitueleza hivyo wakati wa chakula, akionekana ameridhika nao. Nilikuwa nimeinua kikombe cha maziwa. Nilikiweka chini.

Niliiona picha yote. Niliwaona watu arobaini wamesimama kwenye matope wakishikilia chuma kwa mikono yao, wa kwanza anateleza, wa pili anamwangukia, kamba inawapita viganjani, na yule aliyejizungushia kiunoni ili apate nguvu, kwa kuwa lazima atakuwepo mmoja, anaburutwa nayo. Nilimwambia baba. Sikumwambia kwa mafumbo. Nilimwambia kwamba mtu ataumia, na kwamba iko njia nyingine, na kwamba ninaijua kwa sababu ndiyo kazi ninayofanya kila tunapoingia bandarini.

Baba alimaliza kwanza loshoro yake, ule uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando. Mama alikuwa ameacha kutafuna. Halafu baba akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia nina uhakika na kamba nzuri na miti, na kwamba ile miti mikubwa ya kando ya njia ningependa niikague asubuhi.

"Basi kesho utayasema mwenyewe mbele yao," alisema. "Mimi siwezi kuyasema ya kwako."

Asubuhi nilishuka ile njia mara kadhaa. Juu, karibu na barabara, kulikuwa na mgrevilea mnene ulionyooka, wenye mizizi mizuri. Katikati ya mteremko, pale njia inapopinda kidogo, kulikuwa na mringaringa mkubwa kuliko huo. Niliisukuma yote miwili kwa bega, nikaitazama mizizi, nikapima kwa hatua. Mashine ingeshikwa na mti wa juu hadi katikati, kisha mti wa pili ungeipokea hadi chini.

Mkutano ulikuwa nje ya jengo la chama. Nilisalimia wazee, shikamoo moja baada ya nyingine, nikasimama pembeni mpaka baba alipomwambia mwenyekiti kwamba binti yake ana neno. Nilieleza nilivyoweza. Niliwaambia kamba izungushwe kwenye mti, mti ndio ushike, na watu watatu tu washike mwisho wa kamba na kuuachia kidogo kidogo. Niliona nyuso za heshima zisizosadiki. Mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia baba kwa upole kabisa, akauliza binti anayefanya kazi ya ofisi amezijulia wapi kamba.

Baba alivua kofia yake. Sijui kwa nini aliivua.

"Hafanyi kazi ofisini," alisema. "Nilisema hivyo mimi. Huyu ni baharia. Anafunga meli."

Vijana wa nyuma walicheka, kama nilivyojua watacheka. Baba hakuwageukia. Alisubiri kicheko kiishe, akaongeza kwa sauti ile ile kwamba anasema baharia wa kwenye meli, na kwamba yeye hatashika kamba Jumamosi isipokuwa kwa namna aliyoisema binti yake. Halafu akavaa kofia, akakaa. Nilikuwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini, na nilijiona kama mtoto anayekariri aya madhabahuni. Mwenyekiti alifikiri kidogo akasema sawa, wajaribu, na kama haikwenda wataendelea na mpango wa kwanza.

Kamba nilikwenda kuichagua mwenyewe mjini, karibu na Soko Kuu, kwa mama mmoja wa Kichaga aliyeuza kamba na minyororo tangu kabla sijazaliwa. Alinionyesha ya nailoni akisema hiyo wanavutia hata lori la Fuso. Nilimwambia hiyo inavutika kama mpira, na mimi nataka isiyovutika, ili mzigo ukisimama usimame. Alinitazama juu ya miwani yake, akaingia ndani, akatoka na nyingine. Niliipapasa yote pale dukani, kutoka mwisho hadi mwisho, wateja wengine wakinisubiri. Usiku wa kuamkia Jumamosi niliifumua ncha moja, nikasuka kitanzi imara kama tunavyosuka melini, na baba alinishikia taa ya simu akiangalia vidole vyangu. Alipoona nimechoka aliniletea kigoda.

Jumamosi walikuja watu wengi kuliko waliohitajika, na kina mama nao na watoto mgongoni. Tuliiweka mashine juu ya magogo mawili ya mkaratusi yaliyochongwa na kufungwa pamoja, mfano wa kitanda cha kuburuta, kazi aliyoisimamia mwenyekiti mwenyewe na aliyoifanya vizuri sana. Nikafunga kamba kwenye kitanda hicho, nikaipandisha hadi kwenye mgrevilea, nikaizungusha kwenye mti mara tatu. Ule mwisho niliwapa vijana watatu niliowachagua kwa utulivu wao. Niliwafundisha ishara za mikono: hivi ni legeza, hivi ni simama, hivi ni simama kabisa. Niliwaomba watu wote wengine wapande juu ya kingo, mbali na njia. Niliwaomba wasiseme neno, kwa sababu kazi hiyo inataka sauti moja tu.

Mimi nilisimama pembeni, mahali ninapoiona mashine na ninapowaona vijana wangu. Nilipowapa ishara ya kulegeza walisita. Hawakuamini kwamba mikono yao sita ingeweza kuachia chuma kile bila kuburutwa nacho. Niliwarudia ishara. Wakalegeza kiasi cha kiganja kimoja, kamba ikalia kidogo kwenye gome, na mashine ikasogea kama ng'ombe mzito anayeamka. Nikawapa ya kusimama. Ikasimama. Kule juu kwenye kingo nilisikia watu wakivuta pumzi.

Tukaenda hivyo. Legeza, simama. Legeza, simama. Mmoja wa wale vijana, aliyecheka siku ya mkutano, alikuwa amefungua macho makubwa akitazama mikono yake mwenyewe. Nilijua anachokihisi. Nilikihisi Mtwara, nikimtazama serahangi.

Karibu na katikati mwenyekiti hakuweza kuvumilia. Alitaka kuona kama magogo yake yanashika sawa, akashuka kutoka kwenye kingo akaja kusimama nyuma ya mashine, karibu na kamba, kwenye mstari wake hasa. Nilipiga ishara ya kusimama kabisa. Nikamwita kwa heshima, nikamwomba atoke hapo. Alinipungia mkono kwamba anaangalia kidogo tu. Mlimani kwetu mtu wa umri wangu hamrudii mzee wa umri wake neno hilo hilo mbele ya watu. Nilimrudia.

"Mwenyekiti, samahani. Mzee wangu, hatuendelei mpaka utoke hapo ulipo."

Baba alishuka kutoka kwenye kingo upande wa pili, akamshika mwenzake mkono kama mtu anayemsindikiza ibadani, wakapanda pamoja. Mwenyekiti hakukasirika. Alipofika juu alinipigia saluti ya utani, na watu wakacheka, na mimi nikawapa vijana tena ishara ya kulegeza.

Sehemu ngumu ilikuwa bado. Kamba ya mti wa juu ilikuwa inaelekea kuisha, na ilitubidi tuihamishie kwenye mringaringa bila mashine kupata hata nafasi ya kupumua. Melini tunafanya hivyo kila mara, tunapotoa kamba kwenye winchi na kuifunga kwenye nguzo. Tunatumia kamba fupi ambayo serahangi aliiita kishikizi: unaifunga kwenye kitu imara, unaizungusha juu ya ile kamba kubwa kwa namna ya kuibana, na yenyewe inabeba uzito wote kwa muda mfupi huku wewe unahamisha. Niliwaambia vijana wengine waweke magogo mbele ya mashine kwa tahadhari. Nikafunga kishikizi changu kwenye mringaringa, nikakizungusha kwenye kamba, nikaushika mwisho wake mwenyewe. Kazi hiyo sikumpa mtu.

Nikatoa ishara kule juu. Walilegeza polepole. Nikauona uzito ukihama: kamba ya juu ikaanza kulala, kishikizi kikakaza, kikabana, gome la mringaringa likatoa harufu mbichi. Mashine ilishuka kiasi cha kiganja, ikasimama. Kamba ya juu ilikuwa imelegea kabisa. Chuma chote kile kilikuwa kinaning'inia kwenye kamba isiyozidi urefu wa kanga, na mwisho wake ulikuwa mikononi mwangu, na haukuwa mzito. Vijana waliiachia kamba kwenye mgrevilea wakateremka nayo mbio, wakaizungusha kwenye mringaringa kama nilivyowafundisha, mara tatu, wakakaza. Nikakifungua kishikizi kidogo kidogo. Mti wa pili ukaushika mzigo.

Kutoka hapo ilikuwa kazi ya kawaida. Hakuna kamba iliyokatika. Hakuna aliyeteleza, isipokuwa mtoto mmoja wa mbuzi. Mashine ilifika chini, ikageuzwa, ikapandishwa juu ya zege, na fundi aliyekuja nayo akaanza kuifunga bolti zake kabla hata sijamaliza kukunja kamba. Mwenyekiti aliomba tusali, tukasali. Halafu kina mama wakatoa vyungu vilivyokuwa vimefunikwa kwa majani ya mgomba, na watu wakala wakiwa wamesimama kwenye matope, wakizungumza juu ya bei ya kahawa. Nilipenda hivyo. Melini nako, meli ikishafungwa, watu huongea mambo mengine.

Wale vijana watatu walinifuata nilipokuwa ninaosha mikono mtoni. Yule aliyekuwa amecheka alitaka nimwonyeshe tena kile kishikizi kinavyozungushwa. Nilimwonyesha juu ya mpini wa jembe, akakosea, akarudia, akapata. Akaniuliza kama huko chuoni wanachukua hata watu wasiojua kuogelea. Nikamwambia mimi nilijifunzia huko huko, tena nikiwa ninalia.

Kabla sijarudi kazini kulikuwa na jioni moja ambayo baba alinikuta nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimekaa kwenye gogo nikipasua kuni. Alikaa karibu yangu, kisha akaniuliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza miaka yote niliyokuwa baharini. Aliuliza meli inapofika, mimi ninasimama wapi hasa. Nilichukua kipande cha kuni nikachora meli ardhini, mbele na nyuma, na gati pembeni. Nikamchorea kamba zinazokwenda mbele, zinazorudi nyuma, na zile za katikati zinazovutana ili meli isitambae. Alitaka kujua kwa nini zipo zinazovuta kinyume. Nikamweleza. Alitaka kujua nani anamwambia nani. Nikamweleza juu ya nahodha aliye juu, na ofisa aliye nasi pale omo na redio yake, na serahangi. Aliweka kidole chake kwenye mchoro, mbele kabisa ya meli.

"Kwa hiyo wewe uko hapa," alisema.

Nikamwambia ndiyo, niko hapo.

Aliendelea kuuangalia. Alisogeza mguu wake ili asiikanyage gati. Aliniuliza kama ni baridi huko mbele, nikasema asubuhi ni baridi na mchana chuma kinaunguza. Aliuliza kama wanaume wanaofanya kazi nami wananisikiliza. Nilifikiri kabla ya kumjibu, kwa sababu nilitaka kumpa jibu la kweli, nikamwambia kwamba siku hizi wananisikiliza, na kwamba safari iliyopita ofisa aliniweka niwasimamie watu wa omo wakati serahangi anaumwa, na meli ilifungwa vizuri. Baba aliitikia kwa kichwa kwa namna anayofanya anapokagua kahawa iliyokauka sawasawa, taratibu, mara kadhaa. Mama alituita chakula kimeiva. Baba hakuinuka mara moja. Alitaka kwanza nimweleze kamba za nyuma.